Kilichobaki kwa Mzazi

Popote ulipo, iwe Nyasho au Mwisenge hapa Musoma mjini, iwe Kiabakari, iwe Butiama kwenyewe, au umekaa barazani kwako Bunda ukisubiri ugali uive, karibu tuzungumze. Jioni ya leo nataka tuongee habari ya fedha ambazo serikali hutoa kwa ajili ya vyuo vikuu, ya kwetu na ya jirani zetu wa Kenya. Na nitaanza na daftari.

Ni daftari dogo, jalada lake limeshika mafuta ya samaki. Nililiona Mwigobero, hapa Musoma, kwa mama mmoja anayeuza dagaa. Kurasa za mbele ni za wateja wanaochukua kwa mkopo: huyu madebe mawili, yule sado moja, huyu amelipa nusu. Ukiligeuza, ukaanza kusoma kutoka nyuma, unakutana na ukurasa wa binti yake aliyemaliza kidato cha sita na kupangiwa chuo cha serikali Dodoma. Mama ameorodhesha kwa kalamu nyekundu: maombi ya mkopo, 30,000. Steshenari, kujaza na kuskani. Cheti cha kuzaliwa, kuhakiki RITA. Muhuri wa wakili. Nauli. Godoro. Ndoo. Chini kabisa ameandika neno moja, Ada, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza, kwa sababu wakati huo Bodi ya Mikopo ilikuwa haijasema binti atapewa asilimia ngapi.

Nikamuuliza, mama, unaonaje, serikali yetu inatoa fedha za kutosha kwa vyuo? Akanitazama, akafunga daftari, akasema: "Baba, serikali ikitoa nyingi au kidogo, mimi nitajuaje? Mimi nitajua kilichobaki."

Msikilizaji, nimezunguka na jibu hilo kwa siku nyingi. Nimesikia wataalamu wakilinganisha bajeti za nchi kwa trilioni na kwa asilimia za pato la taifa. Lakini mama wa Mwigobero amenipa kipimo kinachofaa kuliko vyote: serikali ipimwe kwa kile kinachobaki mzazi akilipe baada ya yenyewe kutoa. Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia jioni ya leo kwa nchi zote mbili.

Kwanza tuondoe mtego wa hesabu, maana mtego huu umewanasa wengi. Juni 2024 serikali ya Kenya ilisoma bajeti iliyotenga shilingi za Kenya bilioni 656.6 kwa elimu. Kwa mwaka huohuo wa fedha, 2024/25, Wizara yetu ya Elimu, Sayansi na Teknolojia iliomba bungeni karibu trilioni 2 za kwetu. Nenda pale Sirari mpakani kwa wabadilisha fedha, shilingi moja ya Kenya ni kama ishirini za Tanzania. Kwa hiyo 656.6 za Kenya zinakuwa trilioni 13 za kwetu, na mtu mwenye kikokotoo atakwambia Kenya inatushinda mara sita na zaidi.

Asubiri kwanza. Zaidi ya nusu ya fedha hizo za Kenya ni mishahara ya walimu wa shule, inayolipwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na zote zinahesabiwa ndani ya sekta ya elimu. Kwetu walimu wa msingi na sekondari wako chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na mishahara yao haionekani kwenye kitabu cha Wizara ya Elimu. Ukiweka vitabu hivyo viwili pamoja, unalinganisha mkungu wa ndizi na chane moja.

Haya, tuache shule, tuchukue elimu ya juu peke yake. Kenya mwaka huo iliweka takribani bilioni 128 za kwao kwenye elimu ya juu na utafiti, yaani kama trilioni 2 na nusu za kwetu. Sisi tuliweka bilioni 787 kwenye mikopo ya wanafunzi, na juu yake mishahara ya wahadhiri na fedha za majengo. Bado Kenya iko mbele. Lakini ndani ya zile 128 zimo pia fedha ambazo vyuo vyenyewe hukusanya, zikiwemo karo za wanafunzi. Shilingi iliyotoka kwenye ng'ombe aliyeuzwa na mzazi wa Kuria ya Kenya inaingia kitabuni na kusomwa pamoja na fedha za umma. Unaona sasa kwa nini jumla peke yake haitoshi? Unaweza kuwa na bajeti nene ambayo sehemu ya unene wake umeutoa wewe mwenyewe.

Na kuna idadi ya wanafunzi. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7. Kenya katika sensa ya 2019 walikuwa milioni 47.6. Sisi ni wengi kuliko wao, lakini wanafunzi wao wa vyuo vikuu wamepita nusu milioni, na sisi tuko chini yao kwa mbali. Kwa hiyo fedha yao inagawanywa kwa vichwa vingi zaidi. Tofauti hiyo ya idadi ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iliandikwa hapa hapa Mara.

Zamani, msikilizaji, mfuko ulikuwa mmoja. Mwaka 1963 Tanganyika, Kenya na Uganda ziliunganisha vyuo vyao kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Mkuu wake alikuwa mtoto wa Butiama, Julius Kambarage Nyerere, yule aliyeanza darasa la kwanza pale Mwisenge mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Walikuwa wamegawana kazi: sheria ilifundishwa Dar es Salaam, utabibu Makerere, uhandisi Nairobi. Kijana wa Nyeri aliyetaka kuwa mwanasheria alikuja kwetu, na kijana wa Bunda aliyetaka kuwa mhandisi alikwenda kwao. Nchi maskini tatu zilikataa kujenga kila kitu mara tatu. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjika, kila nchi ikachukua chuo chake na gharama zake.

Miaka ile mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa na serikali bure, akala bure, akalala bure. Hapa kwetu jambo hilo lilikuwa na uchungu wake. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana Dar es Salaam kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti waliyopewa. Rais wetu, Mwalimu Nyerere, aliwarudisha nyumbani karibu mia nne, na siku hiyohiyo akatangaza kujipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwake msomi alikuwa mtu aliyelishwa na kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda mbali kuleta chakula. Alitarajiwa kurudi na mzigo.

Kisha ukaja mwaka 1974, na hapo ndipo nchi hizi mbili zilipoachana njia. Mwaka wa masomo 1974/75 Kenya ilianzisha mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu, ikisema anayenufaika na shahada achangie gharama yake. Novemba mwaka huohuo, hapa Musoma, Halmashauri Kuu ya Taifa ya chama tawala, TANU, ilikutana na kupitisha Azimio la Musoma. Azimio lilisema kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977, miaka mingi kabla ya tarehe iliyokuwa imepangwa awali. Likasema pia kwamba mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende jeshi, afanye kazi, apate sifa ya tabia na bidii kazini, ndipo chuo kimpokee.

Tuliamua, kwa maneno mengine, kwamba shilingi ya elimu iende kwanza chini, kwenye darasa la kwanza, na kule juu waende wachache na wasome bure. Maamuzi hayo yalijaza madarasa ya msingi nchi nzima, na mimi siwezi kuyadharau. Wako wazee wanaonisikiliza jioni hii waliojua kusoma kwa sababu ya kikao kile cha Musoma. Lakini yalikuwa na gharama. Sekondari zilibaki chache, mlango wa chuo kikuu ukabaki mwembamba, na sharti la kwenda kazini kwanza liliwaumiza wasichana kiasi kwamba baada ya muda mfupi ilibidi waruhusiwe kupita bila kulingoja. Kenya wakati huo ilikuwa inafungua milango: Moi 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987. Kwetu Sokoine ilipata kuwa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1984, na Dodoma haikuja mpaka 2007.

Hatimaye na sisi tulifika kwenye mikopo, tumechelewa tu. Miaka ya tisini tuliambiwa habari ya kuchangia gharama, na wazazi wa Mara wakaanza kuuza ng'ombe kwa ajili ya chuo. Kenya ilikabidhi kazi hiyo kwa HELB, bodi yao ya mikopo, mwaka 1995. Sisi tulitunga sheria mwaka 2004 na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka ule wa kwanza fungu lake lilikuwa takribani bilioni 56. Mwaka 2020/21 lilikuwa 464, mwaka uliofuata likawa 570, na mwaka 2024/25 likafika hizo 787. Ukigawanya 787 kwa kila Mtanzania aliyehesabiwa mwaka 2022, unapata kama shilingi 12,700 kwa kila kichwa, pamoja na mtoto mchanga wa Nyamuswa na bibi wa Buhemba asiye na mjukuu hata mmoja chuoni. Sote tumetoa. Kwa hiyo sote tuna haki ya kuuliza.

Sasa twende upande wa pili wa mpaka. Nina ndugu Kehancha, kama walivyo na ndugu huko wengi wenye asili ya Tarime. Mpaka ule ulipita katikati ya koo zetu bila kutuuliza. Kijana wa ndugu yangu huyo naye amepangiwa chuo cha umma. Nilipofika nyumbani kwake alinitolea karatasi, akaninyooshea kidole kwenye mistari minne. Mstari wa kwanza ulisema kozi ya kijana inagharimu kiasi gani kwa mwaka. Wa pili, ufadhili wa serikali ambao haurudishwi. Wa tatu, mkopo wa HELB. Wa nne, sehemu ya familia. Kwetu mama ameweka alama ya kuuliza, kule ndugu yangu ana tarakimu mkononi. Nililiheshimu jambo hilo. Lakini tarakimu yenyewe ilimfanya anyamaze kwa muda mrefu.

Mpango huo Rais William Ruto aliuzindua Mei 2023. Zamani mwanafunzi wa Kenya aliyeingia kwa nafasi ya serikali alilipa ada ya shilingi 16,000 za kwao kwa mwaka, na serikali iliahidi kukilipa chuo sehemu kubwa ya gharama. Ahadi hiyo haikutimizwa kikamilifu. Mwaka baada ya mwaka vyuo vilipokea pungufu ya gharama halisi, na madeni ya vyuo vya umma yakapita bilioni 60 za Kenya. Wakahamia kwenye mpango mpya: kozi ipewe bei yake halisi, kisha familia zipangwe kwenye bendi tano kwa kadiri ya umaskini wao. Bendi ya kwanza, ya maskini kabisa, ipate ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na familia itoe 5. Bendi ya tano ipate ufadhili 30, mkopo 30, na familia ibebe 40.

Ukisikia hivyo unasema ni haki tupu. Sasa tuingize fedha. Udaktari wa binadamu uliwekewa bei ya 612,000 za Kenya kwa mwaka, zaidi ya milioni 12 za kwetu. Familia iliyowekwa bendi ya tano ikatakiwa kutoa 244,800, karibu milioni 5 zetu, kila mwaka, kwa miaka sita. Hata ile maskini kabisa, asilimia yake tano ni 30,600, karibu mara mbili ya ada ya zamani. Na bendi yenyewe inaamuliwa na mashine inayosoma majibu uliyojaza kwenye fomu. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto watatu vyuoni anaonekana ana mshahara, anapandishwa bendi. Mashine haioni kwamba mshahara huo unakwenda sehemu tatu kabla haujafika nyumbani.

Wakenya hawakukaa kimya. Kesi ilifunguliwa, na tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mpango huo unakiuka katiba na unabagua. Jaji aliyeandika hukumu anaitwa Chacha Mwita, jina ambalo hapa Mara halihitaji mkalimani. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ilisitisha utekelezaji wa hukumu hiyo wakati rufaa inasubiriwa, na baadaye mwaka huohuo serikali ikatangaza kupunguza ada. Katikati ya hayo wahadhiri waligoma mwaka 2024, wakagoma tena 2025 kudai malimbikizo yao. Mwanafunzi aliyekwisha kulipa sehemu yake alikaa bwenini akisubiri mwalimu.

Hapo ndipo tofauti kubwa ya nchi hizi mbili ilipo, na naomba uishike vizuri. Kenya imefunga fedha mgongoni mwa mwanafunzi: chuo kitapata kadiri wanafunzi wanavyokuja na ufadhili na mikopo yao. Fedha ya mwanafunzi ikichelewa, chuo kizima kinalala njaa. Sisi tumeweka fedha njia mbili. Mhadhiri wa chuo cha umma analipwa mshahara na Hazina, na mwanafunzi anakopeshwa na Bodi. Kwa sababu mshahara umelipwa kando, ada imebaki chini. Udaktari kwenye vyuo vyetu vya umma umekuwa ukizunguka milioni 2 kwa mwaka, na kozi nyingine nyingi kama milioni 1 na nusu au chini yake. Ruzuku hiyo haiandikwi kwenye barua ya mwanafunzi, wala mama wa Mwigobero hajaambiwa kwamba ipo. Lakini ndiyo iliyomfanya aweze kuweka alama ya kuuliza badala ya kukata tamaa.

Ipo ruzuku nyingine ya kimyakimya. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Wa kwetu ulikuwa unaongezewa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani, na watu walilipa miaka na miaka deni likiwa palepale. Mei Mosi mwaka 2021, akiwa Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta. Mwaka uliofuata fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wenyewe huiita boom, ikapanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mkopo usio na riba unaolipwa miaka kumi baadaye unalipwa kwa shilingi nyepesi kuliko ile uliyokopa. Tofauti hiyo inabebwa na serikali, yaani na wewe na mimi.

Msinielewe vibaya, sisemi kwamba kwetu kumenyooka. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, kutoka 8 ya zamani. Tuseme mwalimu kijana wa Bunda ana mshahara wa 800,000. Kabla hajashika kitu, 120,000 imekwenda Bodi, na kodi na mfuko wa hifadhi navyo vinachukua chao. Huyo ndiye kijiji kinamtazamia amsomeshe mdogo wake. Na karibu kila tunachompa mkononi mtoto maskini wa Tanzania kwa ajili ya chuo ni mkopo. Kenya, pamoja na makosa yake yote, imesema jambo ambalo sisi bado hatujalisema: kwamba mtoto wa fukara kabisa hapaswi kuanza maisha na deni kubwa kuliko la mtoto wa tajiri. Kwetu mtoto wa tajiri analipiwa na baba yake, anamaliza chuo akiwa mweupe. Yatima wa Kisorya anapewa mkopo asilimia mia, tunamshangilia, na anamaliza akiwa na deni la mamilioni. Wote wawili wanaomba kazi moja. Kila mwisho wa mwezi yatima anapokea pungufu.

Upo ufadhili wa Samia Scholarship, ulioanza 2022/23, na ni jambo jema. Lakini unawafuata waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika sayansi. Mtoto aliyesoma shule ya kata, akichota maji alfajiri na kusomea taa ya mkononi, akapata daraja la pili, ameshinda mlima mkubwa kuliko wengi waliopata la kwanza. Ufadhili huo haumfikii.

Sasa turudi nyumbani kabisa, Butiama. Ukipanda gari kutoka Makutano kwenda upande wa Mugumu utapita eneo ambako Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere kinajengwa. Kwa miaka mingi chuo hicho kilikuwa jina kwenye makaratasi. Kilichokiinua ni Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaogusa vyuo vya umma nchi nzima, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Usione vyaelea, vimeundwa, na hivi vimeundwa kwa deni. Kwa hiyo kuna deni la mtoto anayesoma, na kuna deni la nchi iliyojenga darasa lake. Mvuvi wa Guta asiyejua hata jina la mradi atalilipa hilo la pili kupitia kodi ya mafuta na sabuni.

Ndiyo maana nasema majengo ya Butiama lazima yapunguze kilichobaki kwa mzazi wa Mara. Mtoto wetu amezoea kwenda Mwanza, Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam. Wenzetu wa Migori, ng'ambo tu ya Sirari, wana Chuo Kikuu cha Rongo kilichopata hati yake mwaka 2016. Chuo kikiwa karibu, nauli inapungua, na mtoto anaweza kubeba unga na dagaa kutoka nyumbani. Na kama kitafundisha kweli kilimo na teknolojia, mkulima wa pamba wa Bunda na mfugaji wa Butiama watapata kitu hata kama hawana mtoto ndani yake. Kijiji kitakuwa kimepata mzigo uliotoka mbali, kama Mwalimu alivyotaka.

Nina mambo matatu ya kuwaomba wawakilishi wetu. La kwanza, kila mtoto anayepangiwa chuo apewe barua yenye mistari minne, kama ile niliyoiona Kehancha: gharama halisi ya kozi, serikali inatoa kiasi gani kupitia mishahara na majengo, mkopo ni kiasi gani, familia itoe kiasi gani. Na barua hiyo ifike kabla mama hajanunua godoro. La pili, kwa watoto wa kaya maskini kabisa, zile ambazo Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, tayari unazitambua, sehemu ya mkopo igeuzwe kuwa ruzuku isiyorudishwa, hata ikianza na robo. La tatu ni la kujifunza kwa jirani kwa woga: tusije tukaacha kulipa vyuo moja kwa moja tukadhani mwanafunzi atavibeba mgongoni. Kenya imejaribu, na tumeona vyuo vikikwama na wazazi wakinyamaza mbele ya karatasi.

Msikilizaji, bajeti za nchi za Afrika Mashariki kwa desturi husomwa siku moja, Alhamisi ya mwezi Juni. Dodoma wanasoma, Nairobi wanasoma, na redio zinajaa trilioni. Siku hiyo ikifika tena, chukua kalamu, andika mistari yako minne, kisha mpigie simu mbunge wako umuulize ule wa nne.

Nilipita tena Mwigobero wiki iliyopita. Dagaa walikuwa wametandazwa kwenye chanja, jua kali, kunguru juu. Mama alinifungulia daftari kwa nyuma. Ada ya binti ni 1,300,000, Bodi imempa asilimia 70. Alama ya kuuliza imekatwa kwa mstari, na mahali pake pameandikwa 390,000. Chini yake amepanga miezi, kuanzia Novemba hadi Juni, na mbele ya kila mwezi ameandika idadi ya madebe ya dagaa yatakayokwenda chuoni. Novemba ilikuwa tayari imewekewa alama ya vema.